Kidonda cha sukari unyayoni: plasta, buti, sponji au magongo? Ulinganisho kwa mkaazi wa Mombasa

Kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari mara nyingi hukawia kupona kwa sababu kinakanyagwa. Neva za mguu zimeingia ganzi, na yale maumivu ambayo yangemfanya mtu achechemee hayapo. Basi mtu anasimama juu ya kidonda chake akikaanga viazi karai, anapanda nacho ngazi, anaamka nacho usiku kwenda msalani, na kila hatua inasaga nyama changa iliyoanza kuota. Dawa ya kupaka inaweza kuwa nzuri ajabu na kidonda kikabaki vilevile mwaka mzima.

Kwa hiyo ukishasafishiwa kidonda, sukari ikaangaliwa na mishipa ya damu ikapimwa, linabaki swali la uzito: utaondolewa vipi hapo mahali? Njia zinazojulikana zaidi ni nne. Wengi huchukua ile iliyopatikana siku hiyo, au ile ya bei nafuu. Nimezilinganisha hapa kwa namna nyingine, kwa kuangalia mtu anavyoishi nazo katika mji huu wenye joto, chumvi, misikiti kila mtaa na nyumba ambazo viatu huvuliwa nje.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni plasta isiyovulika, ya jamii ile ya kufungia mfupa uliovunjika, kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti. Inaukumbatia mguu kiasi kwamba uzito unatawanyika unyayo wote, na sehemu yake inabebwa na kuta za plasta kwenye muundi. Zamani ilitumika India kwa vidonda vya wagonjwa wa ukoma, na daktari Paul Brand ndiye aliyeieneza zaidi. Ganzi ya ukoma na ganzi ya sukari huumiza unyayo kwa njia ileile, ndiyo maana tiba ikahamia huku.

Ya pili ni buti la kuvua, lenye mikanda na soli ngumu iliyopinda kama tezi la jahazi. Liko refu la kufika karibu na goti na liko fupi la kifundoni. Refu linapunguza uzito vizuri zaidi.

Ya tatu ni sponji au felti nene. Nesi anaikata, anaiacha na tundu panapolingana na kidonda, kisha anaibandika chini ya unyayo au ndani ya kiatu ili kidonda kisiguse kitu.

Ya nne ni kutoukanyagia kabisa: magongo, kiti cha magurudumu, kitanda.

Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, hata ile ya 2023, inaweka kifaa kirefu kisichovulika mbele kwa kidonda cha ganzi kilicho sehemu ya mbele au ya kati ya unyayo. Cha kuvua kinafuata, sponji ndani ya kiatu kinachofaa inakuja baadaye. Kiatu cha kawaida peke yake hakishauriwi kama tiba.

Kabla hujatamani plasta

Kuna miguu isiyofaa kufunikwa. Kidonda kinachotoa usaha au harufu, mguu uliovimba ghafla, homa, sukari inayopanda bila sababu: hizo ni dalili za maambukizi, na hospitali ni siku hiyohiyo. Wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Weka mgongo wa mkono juu ya mguu mmoja, kisha juu ya wa pili. Ule wenye joto zaidi ndio wa kuushuku. Na mguu ulio baridi, wenye kidole kilichoanza kuwa cheusi, shida yake ni damu kutofika. Maambukizi makali na ukosefu wa damu vinashughulikiwa kwanza, mambo ya plasta baadaye.

Asiyeona vizuri au anayeangukaanguka naye afikirie mara mbili, kwa sababu plasta inaurefusha mguu mmoja na kumtoa mtu kwenye mizani. Wanaoipata wanashauriwa kuongeza soli kwenye kiatu cha mguu wa pili ili nyonga na kiuno visiumie. Fundi viatu yeyote wa Mwembe Tayari anaweza kubandika soli ya namna hiyo, mradi umpe kipimo.

Mlangoni

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe unapoamuliwa, kwa maoni yangu.

Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 63 uliolinganisha plasta, buti la kuvua na kiatu cha nusu kinachoacha mbele ya mguu hewani. Baada ya wiki 12, plasta iliponya karibu 90%, buti 65% na kiatu cha nusu 58%. Ukilipima buti maabara, linapunguza mgandamizo karibu sawa na plasta. Sasa tofauti yote ile imetoka wapi? Jibu lilikuja 2003, walipowawekea wagonjwa vifaa viwili vya kuhesabu hatua, kimoja kiunoni na kingine kimefichwa ndani ya buti. Hatua zilizopigwa buti likiwa mguuni zilikuwa 28% tu. Zilizobaki zote walitembea bila buti.

Hao ni Wamarekani, ambao wengi wao wanaingia sebuleni na viatu. Mtie mtu huyo Majengo au Mji wa Kale. Viatu vinavuliwa kizingitini, mkeka umetandikwa, watoto wanatambaa. Mgeni anayeingia na buti lililokanyaga tope la Marikiti anaonekana hana adabu, na mwenye nyumba anayeingia nalo anagombezwa na mkewe. Kwa hiyo buti linabaki nje pamoja na champali, na mguu wenye kidonda unaingia peku kwenye saruji. Jikoni, msalani, ukumbini, juu ya ngazi. Mtu ukimuuliza kama anavaa buti lake atakuambia analivaa kila siku, na kwa hakika analivaa kila siku, lakini barabarani.

Plasta haivuliwi mlangoni, ndiyo siri yake kubwa. Adabu ya nyumba inalazimika kuipisha: inapanguswa kwa kitambaa, au inavishwa soksi kubwa safi ya ndani, na maisha yanaendelea. Wanafamilia huizoea baada ya siku chache.

Kwa asiyepata fundi mzuri wa plasta kuna njia ya katikati ambayo haisemwi vya kutosha. Buti lilelile la kuvua huzungushiwa bandeji ya plasta ili lisifunguke. Tafiti za 2005 zilionyesha kwamba likifungwa hivyo linaponya karibu sawa na plasta kamili, na kulifunga hakuhitaji ufundi mwingi. Ukienda Coast General pale Makadara au hospitali nyingine yoyote mjini na ukaambiwa plasta ya namna hii haifanywi, uliza kuhusu buti lililofungwa. Nesi anayejua kufunga mfupa hataona ajabu.

Sponji nayo huingia nyumbani na mguu ikiwa imebandikwa kwenye ngozi yenyewe, hilo ni zuri lake. Ikibandikwa kwenye kiatu, inabaki nje na kiatu. Mtu akichagua sponji, asisitize ibandikwe mguuni.

Joto, jasho na kuoga

Katika jambo hili plasta inashindwa na wote. Mombasa ya Februari na Machi, kabla ya masika, mguu uliofungwa hadi gotini unatoa jasho usiku na mchana. Inawasha, inanuka, na kijiti cha kujikunia ni hatari kwa sababu mwenye ganzi atajichana bila kuhisi. Plasta ya kwanza hufunguliwa mapema, ndani ya siku chache, kwa kuwa uvimbe ukishuka inalegea na kuanza kusugua. Baada ya hapo hubadilishwa kila wiki au mbili. Siku ya kubadilisha ndiyo siku ya mguu kuoshwa na kupata hewa, na wenye plasta huisubiri kama sikukuu.

Kuoga kunataka vigoda viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea mguu nje ya maji. Zamani mguu ulitiwa kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Kipande cha plastiki ya kutandika mezani kikifungwa juu ya goti kwa utepe mpana kinafanya kazi hiyohiyo na kinadumu. Plasta iliyolowa ndani haikaushwi juani. Inafunguliwa.

Buti la kuvua linashinda hapa bila ubishi: unakaa kitini bafuni, unalivua, unaoga, unakausha katikati ya vidole, unalivaa kabla ya kusimama. Mtego uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Sponji haipendi maji, ikilowa inakuwa kama tambara na inatakiwa nyingine, na hata bila maji hubonyea baada ya siku kadhaa. Mwenye magongo anaoga kama kawaida ila sakafu ya bafu ni utelezi, na sijaona mahali pabaya zaidi pa kusimama kwa mguu mmoja. Mitalawanda isahau kabisa mpaka kidonda kipone, na hata baadaye.

Na kwa kuwa tuko kwenye maji: kuloweka mguu kwenye maji ya moto na chumvi, ambako kila mtaa una mama mmoja anayekusifia, kumewababua watu wengi wasiohisi joto. Wala bahari haioshi kidonda.

Udhu na swala

Wengi huuliza hili kwa aibu, nami naliona ni la kuulizwa mapema kuliko bei. Mtu aliyezoea safu ya mbele msikitini, ukimnyima hiyo miezi mitatu, umemkata kitu ambacho hakuna daktari atakayekiandika kwenye kadi yake.

Plasta na bandeji zina hukumu yake inayojulikana, ya jabira, yaani kitu kilichofungwa juu ya jeraha. Sehemu isiyofungwa inaoshwa, juu ya jabira inapitishwa maji kwa mkono uliolowa, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani wanayafuata, tayamamu inaingia humo. Imamu wako atakupangia. Ninachoongeza mimi ni kwamba mkono uwe na unyevu tu, usimwage, kwa sababu pamba ya ndani ikinywa maji umeharibu wiki nzima. Mwenye buti la kuvua ambaye daktari amemruhusu kulivua anaweza kuosha sehemu ya mguu isiyo na kidonda, na hapa tena ndipo mambo yanapoharibika: kuvua mara tano kwa siku, peku kutoka kwenye mabirika hadi kwenye busati, kusimama rakaa, na kuvaa tena ukitoka.

Halafu kuna swala yenyewe. Katika sijda vidole vya mguu vinakunjwa, na katika kikao cha tahiyatu vya mguu wa kulia vinabaki vimekunjwa kuelekea kibla, uzito ukiegemea shina la kidole gumba. Hapo hasa ndipo vidonda vya ganzi hupenda kuota. Mwenye kidonda mahali hapo akiswali kwa kusujudu kila siku huku akisema anapumzisha mguu, hajaupumzisha. Kiti kinaruhusiwa kwa mgonjwa, misikiti mingi mjini ina viti kando ya safu, na plasta inakulazimisha kukikalia kwa sababu kifundo hakikunjiki. Wengine wanaona ni kudhalilika. Lakini mwenye plasta hana maelezo mengi ya kutoa, kila mtu anaiona, wakati mwenye sponji ndani ya soksi anaulizwa mbona amekaa na anaonekana mzima. Watu wamewahi kurudi kusujudu kwa sababu ya macho ya jirani tu.

Katika makanisa mengi shida hii haipo, viatu vinabaki mguuni.

Barabarani na kazini

Plasta na buti refu vyote ni vizito kupandia matatu. Makanga hana subira, ngazi ya kwanza iko juu, na mguu usiokunjika kifundoni unatangulia vibaya. Tuktuk ni rahisi zaidi kuingia. Kivuko cha Likoni ni mtihani wa peke yake: mteremko, umati unaokimbia, chuma kilicholowa. Mwenye magongo hapo asubiri umati upite, akose feri moja achukue inayofuata. Ni heri miadi ya kliniki iwe saa nne kuliko saa mbili, ili usivuke pamoja na wafanyakazi.

Dereva wa tuktuk mwenye kidonda mguu wa kulia aelewe kwamba breki ya kazi yake iko hapohapo, na kwa plasta hataendesha. Nimesikia wengi wakichagua sponji kwa sababu hiyo moja, na siwalaumu, mtoto hali plasta. Ila hesabu iwekwe wazi: wiki sita au nane bila kazi kwa plasta, au kidonda kinachoburuta miezi mingi huku kazi ikiendelea nusu nusu na hatari ya kidole kukatwa ikikaa palepale. Kwa mwenye duka au karani wa klering anayekaa mezani swali halipo hata kidogo, achukue plasta. Mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri anasimama masaa matatu. Kwake plasta inawezekana kama akipata kiti kirefu na mtoto wa kumpokea sufuria, kwani kifaa chochote, hata kizuri namna gani, kinadai hatua zipungue. Wanawake wana jambo moja la ziada: buibui huificha plasta vizuri mpaka hakuna anayeuliza, lakini pindo lake linajikwaa kwenye soli. Lipunguzwe inchi moja au mbili.

Magongo na kitanda, kwa upande huu, ni mabaya kuliko yanavyoonekana. Kwa wiki moja yanafaa. Baada ya hapo mikono inauma, mguu mzima unabeba mzigo mara mbili na ukiwa nao una ganzi unaweza kupata kidonda chake, misuli inasinyaa, na mtu anaanza kuombwa ruhusa na kila kitu: maji ya kunywa aletewe, msalani ashikwe. Ni hapo ndipo moyo unapovunjika, na anayemuuguza naye anachoka kimyakimya. Tumia magongo kama nyongeza ya buti au plasta. Yasiwe tiba yenyewe.

Fedha, kwa ufupi

Sponji na magongo ni rahisi kununua. Buti ni ghali mara moja, kwa vile huagizwa kutoka nje, lakini unaweza kulitumia tena. Malighafi ya plasta si ghali, gharama yake iko kwenye safari za kubadilisha na mkono wa anayejua kuifunga. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza dirishani kabla ya kufungwa, tena uulize kitu kimoja kimoja: kusafisha kidonda, plasta, kifaa. Jibu la jumla jumla halikusaidii.

Mimi ningechukua ipi

Kidonda cha ganzi mbele ya unyayo, damu inafika, hakuna usaha, macho yanaona: plasta, au buti lililofungwa lisivuliwe, hata kama ni Februari. Jasho linavumilika kwa wiki kadhaa.

Anayeishi peke yake ghorofani, au anayeona giza, au ambaye kidonda chake kinatakiwa kufunguliwa kila siku: buti refu la kuvua, na sheria moja ambayo nyumba nzima inaijua, kwamba halivuliwi mlangoni. Linapanguswa soli kwa kitambaa chenye dawa, basi. Usiku linakaa kando ya mto wa kulalia, si chini ya kitanda, kwa sababu safari ya msalani saa tisa usiku ndiyo hasa inayohesabiwa.

Sponji ningeichukua nikikosa hayo yote, ikiwa imebandikwa mguuni na inabadilishwa kabla haijabonyea.

Kikishafunga

Ngozi iliyofunga juu ya kidonda haijarudi kuwa ngozi ya zamani. Takriban watu 40 kati ya 100 hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo chaguo la kiatu linaanza siku plasta inapotolewa. Champali za vidole zinashikiliwa kwa kubana vidole na zinaacha ubavu wazi kwa mbigili na vipande vya chupa. Makubadhi yana ngozi nzuri ila mshono na mkanda wake husugua juu ya vidole. Raba pana yenye kina, yenye soli isiyokunjika kirahisi na utandiko mnene ndani, inafaa kuliko zote mbili, na kiatu cha tiba kilichopimwa mguuni mwako kinaipita raba hiyo ikiwa vidole vimekunjamana au unyayo umebadilika umbo. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na upime kwa kuchora unyayo kwenye karatasi na kuweka karatasi hiyo ndani ya kiatu. Ikijikunja, kiatu ni chembamba, hata kama mguu haulalamiki.

Nunua viwili vinavyofanana, kimoja cha nje na kimoja cha ndani ya nyumba. Cha nje kitikise kila asubuhi kabla ya kuvaa, upitishe na mkono mpaka mbele, kwa sababu kijiwe kimoja cha Nyali kinaweza kukaa humo kutwa nzima bila mguu kujua.